Upepo wa kusini hutoka kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo kwa msomaji aliye mbali na maji linaweza kuonekana kuwa ni la maneno matupu, lakini kwetu sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Tanganyika ni jambo la mbao, nyavu na roho za watu. Nazungumzia namna magazeti na redio zetu zinavyoyafupisha, kuyachanganya na mara nyingine kuyageuza kabisa maneno ya utabiri wa hali ya hewa, hasa yale yanayohusu upepo na baridi.

Nilifundisha jiografia hadi nilipostaafu, na sasa nina boti mbili za dagaa katika mwalo wa Katonga, hapa Kigoma. Moja huongozwa na mpwa wangu. Mwaka 2024, ziwa lilipofunguliwa baada ya kupumzishwa, yaani uvuvi kusimamishwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, vijana walirudi majini kwa hamu kubwa, na giza la mwezi lilipokaribia mpwa wangu akaipeleka boti kwenye kambi iliyo kusini zaidi. Kabla ya kulala, mmoja wao alisoma kwa sauti habari fupi ya gazeti moja, mistari mitatu tu, iliyosema kwamba upepo wa kusini utaendelea kuvuma ziwani. Haikutaja kasi, saa wala urefu wa mawimbi. Mpwa wangu aliposikia “upepo wa kusini” alielewa kuwa ni upepo unaokwenda kusini. Akitaka kuikinga boti, aliitia nanga upande wa kusini wa rasi, akiamini kwamba kilima kingesimama kati yake na upepo. Upepo ulikuja usiku wa manane kutoka kulekule kusini na kuikuta boti imekaa wazi mbele yake.

Nilipofika asubuhi, mbao tatu za ubavuni zilikuwa zimeachana na kalafati, ile pamba inayoziba maungio ya mbao, inaning’inia kama nyuzi za mkeka uliochakaa. Mashine ilikuwa imetolewa na kuwekwa ufukweni, na hilo ndilo lililotuepusha na hasara kubwa zaidi. Hakuna aliyeumia. Nilipomuuliza kijana kwa nini alifunga boti upande ule, alinijibu kwa unyenyekevu: “Mjomba, si walisema upepo wa kusini? Nikajua unaelekea kusini, basi nikajificha nyuma ya mlima.” Sikuweza kumkemea. Kwa maneno aliyosomewa, na kwa Kiswahili tunachokisema kila siku, ambapo basi la Tabora ni lile linalokwenda Tabora, hoja yake ilikuwa na mantiki kamili.

Kanuni ya wataalamu wa hali ya hewa, hapa kwetu na duniani kote, ni kwamba upepo huitwa kwa jina la upande unakotoka. Upepo wa kusini mashariki hutoka kusini mashariki na kuelekea kaskazini magharibi. Mkondo wa maji, kinyume chake, hutajwa kwa upande unakokwenda, na huo ni mtego mwingine kwa mtu wa majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imezoea kuandika kwa ukamilifu kwamba upepo “utavuma kutoka kusini mashariki”, na neno hilo “kutoka” ndilo linalobeba maana yote. Mhariri wa habari anapolifuta ili kichwa cha habari kitoshe kwenye safu, anakuwa amefuta nusu ya utabiri.

Linaloniuma zaidi ni kwamba lugha yetu wenyewe ilikuwa na jibu kabla ya vipimo vya kisasa. Kusi hutoka kusini, kaskazi hutoka kaskazini, na hakuna mtu wa pwani aliyewahi kuchanganya. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni, na kusi ndiyo iliyoyarudisha. Mabaharia wa kale walikuwa hata na jina la upande wa chombo unaokabili upepo, joshini, na jina la upande uliokingwa, demani. Kama gazeti lingeandika tu kwamba upepo wa kusi unaendelea, naamini mpwa wangu angekumbuka yale aliyosoma shuleni kuhusu pepo za msimu, na boti ingelala upande wa demani. Kwa simu za kisasa tatizo linaongezeka, kwa sababu katika programu nyingi mshale wa upepo huonyesha unakoelekea, ilhali maneno yaliyo chini yake hutaja unakotoka. Kijana anayetazama mshale na yule anayesoma maneno wanaweza kubishana mpaka alfajiri kuhusu upepo uleule mmoja.

Baada ya upande, kasi. “Upepo mkali” ni maneno ambayo kila mtu huyajaza kwa hofu yake mwenyewe. Matangazo rasmi kwa kawaida huja na tarakimu, na tarakimu inayojirudia mara nyingi ni upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa pamoja na mawimbi yanayozidi mita 2. Tarakimu hiyo haikuokotwa tu. Katika kipimo cha Beaufort, kilichotungwa mwaka 1805 na afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeitwa Francis Beaufort, ambacho huanzia 0 kwa shwari na kufika 12 kwa upepo wa kimbunga, kilomita 40 kwa saa iko mwanzoni mwa daraja la 6. Uzuri wa kipimo hicho ni kwamba mtu anaweza kukisoma kwa macho bila chombo chochote. Upepo wa kilomita 15 kwa saa hutikisa majani na vijiti vyembamba vya mwembe bila kutulia. Wa kilomita 25 huinua vumbi barabarani na kupeperusha karatasi. Wa kilomita 35 huyumbisha miti midogo yenye majani na kufanya vilele vyeupe kwenye maji ya ziwa. Ukifika 40, matawi makubwa yanatikisika na mwavuli haushikiki. Mimi huwaambia vijana watazame miembe na michikichi iliyo juu ya mwalo kabla hawajatazama maji, kwa kuwa ufukwe uliokingwa na kilima unaweza kuwa shwari kabisa huku nje ya ghuba hali ikiwa nyingine.

Kuna jambo ndani ya kasi ambalo sijawahi kuliona likielezwa katika gazeti lolote la Kiswahili, nami naomba gazeti lako liwe la kwanza. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake. Kasi ikizidishwa mara mbili, msukumo wake huzidishwa mara nne. Boti iliyostahimili upepo wa kilomita 20 kwa saa bila taabu itasukumwa kwa nguvu mara nne upepo ukifika 40, na nahodha anayedhani kwamba ni “mara mbili ya jana” amekosea nusu nzima. Tena, kasi inayotajwa katika utabiri ni wastani wa dakika kadhaa, inayopimwa kwa kawaida kwenye mlingoti wenye urefu wa mita 10 mahali palipo wazi. Ndani ya wastani huo hupita vishindo vya sekunde chache vyenye kasi kubwa zaidi, na mara nyingi ni vishindo hivyo vinavyokata kamba ya nanga.

Mawimbi nayo yana hesabu yake. Urefu wa wimbi hupimwa kutoka bondeni hadi kileleni, wala si kutoka usawa wa maji yaliyotulia kama wengi wanavyodhani. Na inapotajwa mita 2, kwa desturi ya wataalamu maana yake ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine, kwa hiyo katika usiku mrefu linaweza kupita wimbi moja linalokaribia mara mbili ya kipimo hicho. Kwa ziwa letu hili si nadharia. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na upana wa wastani wa kilomita 50 hivi, limelala kama korongo kutoka kusini kuja kaskazini, na upepo wa kusini mashariki wa miezi ya kiangazi unapolishika kwa urefu wake huwa na mamia ya kilomita za maji ya kusukuma kabla haujafika Kigoma.

Nitaje pia saa, ingawa kwa ufupi. Mvuvi mmoja pale Kibirizi alinionyesha simu yake iliyoandika kwamba upepo utaongezeka “03:00”, akaniambia kwa uhakika kuwa ana muda wa kutosha kuvua, maana saa tatu asubuhi atakuwa amekwisha kurudi. Saa ile ya simu ni saa tisa usiku kwa hesabu yetu, wakati ambapo taa zinawaka na wavu uko majini. Nilikaa naye tukahesabu pamoja kwa vidole. Gazeti linaponakili saa kutoka vyanzo vya nje bila kuzigeuza na bila kuandika alfajiri, mchana au usiku, linawatega watu wa namna hiyo, nao ni wengi.

Lipo pia suala la viwango vya onyo. Mamlaka yetu hutumia ngazi tatu zinazopandana: angalizo, lenye rangi ya njano, tahadhari, yenye rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, yenye rangi nyekundu. Angalizo linamtaka mtu awe macho na afuatilie taarifa. Tahadhari inamtaka ajiandae. Tahadhari kubwa inamtaka achukue hatua mara moja. Katika vichwa vya habari zote tatu zimegeuzwa kuwa kitu kimoja, ama “tahadhari” ama “hatari yaja”, na matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu. Mara ya kwanza mwalo mzima hubaki ufukweni, watoto wanakosa ada, na ziwa linakuwa na vilele vidogo tu kwa sababu lilikuwa angalizo. Mara ya tatu hakuna anayesikiliza, na hiyo mara ya tatu inaweza kuwa ndiyo nyekundu.

Neno jingine linaloteswa ni “kimbunga”. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, wavuvi wawili walikuja nyumbani kwangu kuniuliza kama kitavuka Tabora kije huku. Niliwaeleza kwamba kimbunga cha kweli huzaliwa na kulishwa na bahari yenye maji ya joto la nyuzi 26 au zaidi, kwamba kinapoingia nchi kavu hukatwa chakula chake na kudhoofika, na kwamba Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Katika bahari hiyo, eneo la kusini magharibi, dhoruba hupewa jina upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa, na haiitwi kimbunga kamili mpaka ifike 118. Lakini wavuvi wale hawakukosea kuuliza, kwa kuwa wiki chache kabla yake walikuwa wamesoma kwamba “kimbunga” kimeezua paa la nyumba katika kijiji kimoja cha mkoa huu.

Kilichoezua paa lile, kwa jinsi kilivyosimuliwa, kilikuwa upepo wa wingu la radi: hewa baridi iliyoporomoka kutoka wingu refu la mvua, ikagonga ardhi na kusambaa kwa dakika chache. Hali hiyo huandamana na msimu wetu wa mvua, Novemba hadi Aprili, na utabiri wa jumla wa upepo wa siku nzima hauwezi kuipangia dakika yake. Mvuvi huitambua kwa wingu jeusi, kwa ngurumo na kwa ubaridi wa ghafla usoni. Na ule mzunguko wa vumbi unaoonekana adhuhuri ya kiangazi katika viwanja vya Tabora ni kisulisuli, ambacho wengine hukiita chamchela; hauhitaji wingu wala mvua, unahitaji ardhi iliyochomwa na jua. Tuna majina matatu kwa vitu vitatu. Sioni sababu ya mwandishi kutumia moja kwa vyote.

Sasa nije kwenye baridi, ambako makosa ni ya namna nyingine. Msimu wetu wa baridi ni kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati mgandamizo mkubwa wa hewa ulio kusini, ukiwemo ule wa upande wa visiwa vya Mascarene katika Bahari ya Hindi, unapoimarika na kusukuma kwetu hewa kavu na baridi kutoka kusini mashariki. Kwa waanikaji wa dagaa ni majira mazuri, kwa sababu upepo mkavu hukausha haraka, na kwa watu wa Kasulu na Buhigwe walio juu zaidi ni majira ya blanketi mbili. Mamlaka hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa kuulinganisha na wastani, na hapo ndipo lugha inapotusaliti. Katika mazungumzo, “baridi ya wastani” ni baridi ya kadiri, isiyo kali. Katika utabiri, wastani ni hesabu ya miaka 30 ya mahali husika. Joto la juu ya wastani mwezi Julai halimaanishi kuwa kutakuwa na joto. Maana yake ni kwamba baridi itakuwa pungufu kidogo kuliko ilivyozoeleka mahali hapo. Niliwahi kumwona mama mmoja muuza mitumba akiahirisha kununua robota la makoti kwa sababu alisoma kwamba kipupwe kitakuwa “na joto juu ya wastani”.

Na habari za majira ya baridi za nchi za mbali zinatafsiriwa vibaya zaidi. Jirani yangu ana binti anayesoma Minneapolis, Marekani. Januari moja alinijia amefurahi, akiwa na gazeti lililosema kwamba huko hali ni “nyuzi 5”. Alifikiri ni baridi ya Makete, inayovumilika. Nyuzi hizo zilikuwa za Farenhaiti, ambazo ndizo zinazotumika Marekani, nazo ni sawa na nyuzi 15 chini ya sifuri kwa kipimo chetu cha Selsiasi. Mwandishi alinakili tarakimu akaacha kipimo.

Katika habari hiyohiyo iliandikwa kwamba “upepo umeshusha baridi hadi nyuzi 19 chini ya sifuri”. Upepo haushushi joto la hewa. Wamarekani na Wakanada wana hesabu wanayoitumia kwa pamoja tangu mwaka 2001, inayokadiria jinsi ngozi iliyo wazi inavyopoteza joto upepo unapovuma: hewa ikiwa sifuri ya Farenhaiti, yaani nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi, na upepo ukienda kilomita 24 kwa saa, mwili hupoteza joto kana kwamba hewa ni nyuzi 28 chini ya sifuri za Selsiasi, yaani zile 19 chini ya sifuri za Farenhaiti. Ndoo ya maji iliyowekwa nje haitakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, hata upepo uvume vipi, bali itapoa haraka zaidi. Kwa hiyo tuandike “baridi inayohisiwa mwilini”, tuitenge na joto la hewa. Hesabu ile hutumika panapokuwa na baridi ya nyuzi 10 za Selsiasi au chini yake, hivyo haituhusu Kigoma, lakini kila mvuvi aliyewahi kulowa saa kumi usiku mwezi Julai anaijua kwa mifupa yake.

Vivyo hivyo “kimbunga cha theluji”. Kwa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani dhoruba ya namna hiyo ina masharti: upepo wa angalau kilomita 56 kwa saa, theluji inayopeperushwa hewani kiasi kwamba mtu haoni zaidi ya mita 400, na hali hiyo kudumu saa tatu au zaidi. Si lazima theluji mpya iwe inaanguka. Ile iliyokwisha lala chini ikiinuliwa na upepo inatosha. Dhoruba ya theluji ni jina linalotosha. Nayo “mvua ya barafu” imetumika kwa mvua inayoanguka ikiwa maji kisha ikaganda inapogusa barabara na nyaya za umeme, na imetumika pia kwa mvua ya mawe, ambayo sisi tunaijua vizuri na ambayo hutoka katika mawingu ya radi, hata katikati ya joto. Mzazi aliye Kigoma anapaswa kujua kama mwanawe anaogopa kuteleza au kupigwa kichwani.

Ndugu Mhariri, sikuandika ili kumlaumu mwandishi yeyote. Najua safu ni finyu na muda ni mchache. Tangu boti ile ivunjike, nimeweka ubao mweusi kwenye ukuta wa banda la mashine pale Katonga, na kila jioni naandika utabiri kwa chaki, kwa mstari mmoja. Vijana hupita, husoma, na wengine hunisahihisha nikisahau saa. Naomba gazeti lako lichapishe mstari wa namna hiyo kila siku kwa ajili ya maziwa yetu matatu makubwa, Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Hautazidi upana wa safu moja: “Ziwa Tanganyika: upepo kutoka kusini mashariki, km 40 kwa saa, mawimbi mita 2, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 alfajiri, kiwango, angalizo.”

Wako,
Msomaji, Ujiji, Kigoma